Karatasi Hii ni ya Nani?

Kwa steshenari za Bagamoyo mjini, siku ya vipeperushi ni Alhamisi. Mwenye shughuli ya Jumamosi amekwisha jua fedha zake zinatosha nini, mwenye mkutano wa Jumapili amepata kibali, na kila mmoja kwa wakati wake ameshtuka kwamba watu hawajaambiwa. Ndipo wanapoanza kuingia mmoja mmoja, huyu na flashi mkononi, yule na picha kwenye simu, mwingine na ukurasa aliouchana kwenye daftari la mtoto.

Steshenari ninayoizungumzia iko kata ya Dunda, kwenye mji mkongwe ule wa milango ya nakshi na kuta za mawe ya matumbawe. Ina kompyuta moja, printa mbili, mashine ya fotokopi iliyozeeka na mashine ya kukatia karatasi yenye mkono mrefu wa chuma. Hesabu ya kijana anayeihudumia ni nyepesi. Rimu moja ina karatasi 500. Ukichapa tangazo mara mbili kwenye A4 moja, kisha ukakata katikati, umepata vipeperushi 1,000. Ukiyabana maneno ukachapa mara nne unapata 2,000, ila wazee watakusumbua kwa kuomba wasomewe.

Aliingia mama mmoja wa makamo, kajitanda khanga, kashika ukurasa wa daftari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nataka karatasi za maulidi ya watoto wa madrasa. Zisiwe za rangi."

Kijana akachapa, akasoma kwa sauti alichochapa, akasita. "Mama, saa umeandika, siku umeandika. Tarehe sioni. Na hii namba ya simu ni ya nani?"

"Ya ustadhi."

"Niandike jina lake?"

Mama akamtazama kama aliyeulizwa jina la bahari. "La nini? Wanamjua."

Jina halikuandikwa. Na kwa hakika pale Dunda wanamjua. Karatasi ile itagawiwa na watoto walewale wa madrasa, mlango kwa mlango, na atakayeisoma asielewe atamwuliza mtoto, au atasubiri swala ya Alasiri amwulize mwenyewe. Karatasi na mwenye karatasi wanaishi mtaa mmoja. Shida huanza pale karatasi inapotoka mtaani kwake, ikapanda daladala, ikafika mahali ambapo hakuna anayemjua aliyeitoa. Hapo msomaji anabaki na maneno matupu, na swali moja ambalo kila kipeperushi kilichopita pwani hii kimelazimika kulijibu, kikipenda kisipende: karatasi hii ni ya nani?

Majina yake mtaani ni mengi. Maofisini wanaiita kipeperushi, na ikiwa na kurasa chache zilizobanwa kwa pini inapanda cheo, inaitwa kijitabu. Zile za karatasi nzito inayong'aa, zilizokunjwa mara tatu, zinazowekwa mapokezi ya hoteli na kwenye makumbusho ya misheni ya Wakatoliki, huitwa brosha. Vijana wa matamasha wanasema flaya. Bibi yangu angesema karatasi tu, au tangazo, na angeeleweka kuliko wote. Tofauti inayonishughulisha mimi haiko kwenye majina haya, kwa sababu nimeona brosha zinazong'aa zisizosema lolote na vipande vya fotokopi vilivyookoa maisha ya watu.

Pia kipeperushi kina maisha ya pili, ambayo waliokitunga hawayafikirii. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, karatasi iliyokwisha tumika imepata thamani mpya. Karanga, kashata na bajia hufungwa ndani ya mitihani ya darasa la sita, magazeti ya zamani na ratiba za mikutano iliyokwisha kufanyika. Jioni ufukweni, karibu na soko la samaki, mtu anamaliza karanga zake, anakunjua kifungashio na kuanza kusoma. Ndiyo sababu yule kijana wa steshenari aliulizia tarehe. "Jumamosi hii" kwenye kipeperushi kisicho na tarehe ni Jumamosi ya milele. Kitaendelea kualika watu miaka mitatu baada ya pilau kuliwa.

Swali la mwenye karatasi lina historia ndefu hapa kuliko steshenari zote, na sehemu yake moja inamhusu mtu wa Dunda.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda karibu mwaka 1869. Alisoma dini akawa mwalimu, akafanya kazi ya ukusanyaji kodi kwa Wajerumani waliokuwa wameishika pwani, na mwaka 1900 akapelekwa Berlin kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, walikofundishwa maofisa waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Alikuwa na kumbukumbu pana na kalamu nyepesi. Aliandika namna watu wa pwani walivyozaa na kulea, walivyooa na kuzika, walivyofanya biashara, walivyoingia kwenye ngoma na unyago, walivyosafiri bara na misafara, na walivyoamua kesi zao. Mwaka 1903 maandiko hayo yalitoka Göttingen kama kitabu, *Desturi za Wasuaheli*, na jalada likataja jina la Carl Velten, Mjerumani aliyeyakusanya na kuyahariri. Ukitaka kumpata mtu wa Dunda sharti ufungue kitabu uingie ndani.

Velten alifanya kazi yake na sina haja ya kumnyima. Lakini jalada ni kipande cha karatasi kama kingine, na lile la 1903 lilimjibu msomaji nusu. Mtoro mwenyewe, alipojaribu kurudi nyumbani mwaka 1905 na mke wake Mjerumani, Bertha Hilske, serikali ya koloni haikumruhusu kushuka Dar es Salaam. Ndoa yao haikuvumilika machoni pa watawala. Alirudishwa Ujerumani, akaendelea kufundisha na kutoa mihadhara, akafia Berlin mwaka 1927. Jina lake lilipanda jaladani mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen iliyochapwa Marekani, yaani miaka 78 baada ya kitabu kutoka. Sijui ni wanafunzi wangapi wa sekondari za Bagamoyo wanaoambiwa kwamba mmoja wa waandishi wakubwa wa nathari ya Kiswahili ametoka kata wanayoipita kila asubuhi. Ningekuwa na rimu moja ya ziada, hicho ndicho kipeperushi ambacho ningeanza nacho.

Wakati Mtoro yuko Ujerumani, kwenye pwani ya kusini ilipita karatasi iliyowatoa Wajerumani jasho. Ilikuwa Julai 1908, vita vya Majimaji ndiyo kwanza vimepoa. Lindi ikaingia barua iliyosemekana kutoka nchi takatifu. Ilieleza ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, kwamba Kiyama kimekaribia, Waislamu wametopea katika dhambi na inawapasa watubu. Msomaji aliamrishwa ainakili na kuipeleka mbele, akaahidiwa thawabu akitii na maangamizi akikaidi. Haikuhitaji mashine ya chapa. Kila aliyejua kushika kalamu aligeuka kiwanda.

Misikiti ikajaa. Maofisa wa Kijerumani, chini ya Gavana Rechenberg, walihofia kwamba jihadi inaandaliwa, wakaanza kuwakamata walioisambaza na kuwauliza swali letu: nani kaituma? Uchunguzi wao ulinyoosha kidole Zanzibar, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule tajiri wa misafara aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, ambaye Wajerumani na Wabelgiji walikuwa wamempokonya himaya yake huko bara. Barua za Sheikh Ahmad, hata hivyo, zilikuwa zikizunguka dunia ya Kiislamu tangu karne ya kumi na tisa, kutoka Makka hadi visiwa vya Indonesia, kila kizazi na nakala yake. Mwenyewe halisi hakuwa na anwani.

Na bado anatembea. Ukiwa kwenye kundi lolote la WhatsApp la familia ya pwani, umekwisha ipata: mlinzi wa kaburi kaota, tuma kwa watu kadhaa, fulani alipuuza akafilisika. Hakuna karatasi tena, wala hakuna mwandiko wa mtu ambao ungekufanya uhisi huyu ni mkono wa mwalimu wetu au si wake. Barua ya 1908 angalau ilikulazimisha ukae chini uinakili, na kunakili kunachosha, na anayechoka hufikiri kidogo. Siku hizi ni kidole gumba tu.

Wapo watakaosema basi dawa ni rahisi: kila karatasi iandikwe jina. Ninakubaliana nao kwa sehemu kubwa, lakini ni vizuri tukumbuke nani hasa alikuwa wa kwanza kulitaka jina hilo. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1799, ikiwa na hofu ya mapinduzi ya Ufaransa, iliyomlazimisha mpiga chapa kuweka jina na anwani yake kwenye kila karatasi anayoichapa. Haikuwa kwa kumpenda msomaji. Serikali ilitaka kujua mlango wa kugonga usiku.

Mlango wa namna hiyo uligongwa Dar es Salaam. *Sauti ya TANU* lilikuwa jarida dogo la chama, lililopigwa taipu kwenye stensili na kurudufiwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, ile iliyokuwa ikiacha wino kwenye vidole vya kila aliyeigusa. Kwa umbo lilikuwa jirani wa kipeperushi kuliko gazeti. Toleo la 29, la Mei 1958, lilikuwa na maneno makali juu ya wakuu wawili wa wilaya wa Kiingereza. Mwalimu Nyerere, rais wa TANU, akashtakiwa kwa kuwakashifu. Akatetewa na wakili mashuhuri kutoka London, D. N. Pritt, na Agosti mwaka huo akatiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Miaka mitatu na miezi michache baadaye nchi ilikuwa huru.

Kesi ile ilikipa kikaratasi kile uzito ambao wino wake usingeweza kukipa. Watu wa Bagamoyo, kama wa wilaya nyingine, waliokuwa wakisomewa *Sauti ya TANU* barazani, wakawa na jibu: karatasi hii ina mwenyewe, na mwenyewe yuko tayari kusimama kizimbani kwa ajili yake. Hakuna muhuri unaoshinda huo.

Lakini si kila mtu ni rais wa chama chenye maelfu nyuma yake. Nairobi, mwaka 1982, mhadhiri wa sheria wa Chuo Kikuu, Willy Mutunga, alikamatwa na kushtakiwa kwa kupatikana na kipeperushi ambacho serikali ilikiita cha uchochezi. Kukiandika ni jambo jingine. Kosa aliloshtakiwa nalo ni kuwa nacho. Aliwekwa kizuizini, akatoka mwaka uliofuata, na mwaka 2011 akaapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Enzi zile karatasi kama *Pambana* zilipita mkono kwa mkono bila jina la mtu, na kukosa jina kulikuwa ndio uhai wa waliozitoa. Kwa hiyo nikisema kipeperushi kiwe na mwenyewe, sisemi kwamba mnyonge aliyebanwa ukutani ajitaje kwa anayembana. Kuna nyakati karatasi bila jina ndiyo silaha pekee aliyobaki nayo mtu.

Tofauti ni hii: anayekuambia ukweli ambao mkubwa hataki usikike ana sababu ya kuficha jina. Anayekuomba fedha yako, mwili wako au mwanao, hana.

Kwa mwili na mwana, Bagamoyo ina mfano ambao ningependa watu wa fani nyingine wauige. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo hapa, kwenye eneo la hospitali ya wilaya. Kituo hiki kilikuwa miongoni mwa vile 11 vya nchi 7 za Afrika vilivyoifanyia majaribio makubwa chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Kwa Tanzania vilikuwa hiki na kile cha Korogwe. Baadaye kikashiriki majaribio ya chanjo ya pili, R21, iliyojaribiwa kwa watoto 4,800 katika nchi nne. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza itumike mwaka 2021, ya pili mwaka 2023. Nyuma ya habari hizo zilizosikika dunia nzima kuna mama wa Bagamoyo aliyekaa kwenye benchi na mtoto mapajani, akapewa karatasi.

Karatasi ya namna hiyo ina kanuni zake, na kanuni hizo hazikutungwa na mtu wa matangazo. Iandikwe kwa lugha ya mzazi, yaani Kiswahili kinachosemwa nyumbani. Ieleze utafiti ni wa nini, mtoto atachomwa nini na atatolewa damu kiasi gani, madhara yanayojulikana ni yapi, na kwamba mzazi ana ruhusa ya kukataa leo au kujitoa kesho bila kunyimwa matibabu. Itaje jina la mtafiti anayehusika na namba yake ya simu, pamoja na namba ya kamati ya maadili, ili mwenye malalamiko asilazimike kumlalamikia yuleyule anayemlalamikia. Ukurasa una tarehe na namba ya toleo. Utafiti wa namna hii lazima upate kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mzazi asiyejua kusoma anasomewa yote mbele ya shahidi ambaye si mtu wa mradi, ndipo aweke dole gumba, na shahidi atie saini. Nakala moja inakwenda nyumbani na mama.

Ni karatasi ndefu, na ina kuchosha kwake. Lakini ukitaka kujua ni ya nani, jibu limo humo mara tatu.

Jambo la kusomewa lisipitwe haraka, kwa sababu ndipo ulipo ufundi wa pwani na wa Tanzania nzima. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya *Mtu ni Afya*. Vijitabu vilichapwa, lakini hakuna aliyetegemea kwamba vitasomwa na kila mtu chumbani kwake. Vikundi vilikusanyika chini ya mwembe au barazani, redio ikafunguliwa, Radio Tanzania ikatoa kipindi, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu, watu wakabishana, kisha wakaamua: wiki hii tunachimba choo, wiki ijayo tunafyeka majani yanayoficha mbu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi hiyo, na watu karibu milioni 2 walishiriki kwa muda wa wiki kumi na mbili. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Ukizipeleka leo maelfu ya brosha kwenye zahanati na kuziacha mezani pa mapokezi, utaona zimegeuka pepeo siku ya joto, na mwisho wa mwaka zitafunga karanga. Karatasi ya *Mtu ni Afya* ilikuwa na mdomo wa mtu karibu yake, na mtu huyo alikuwa wa kijiji kilekile.

Sasa twende kwa wanaoomba fedha.

Barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Bagamoyo, ukishaiacha Bunju, inapita Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo. Hakuna kipande cha barabara nikijuacho kilichoandikwa sana kwenye vipeperushi kuliko hicho. Foleni ikisimama Mwenge au Tegeta, kijana mwenye fulana ya kampuni anakutupia karatasi dirishani. Ina rangi nne, ina picha ya nyumba ambayo haipo, na familia inayocheka. Viwanja vimepimwa. Malipo kwa awamu. Kianzio kidogo. Usafiri wa kwenda saiti bure kila Jumamosi, chai ipo. Na kwa herufi kubwa kuliko zote: dakika chache kutoka bandari ya Bagamoyo.

Bandari hiyo ina kisa chake. Makubaliano ya kuijenga yalitiwa saini Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipoitembelea Tanzania. Oman nayo ikaingia. Gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10. Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi, Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi Mbegani. Mwaka uliofuata mradi ukasimama. Juni 2019 Rais Magufuli akaeleza hadharani kwamba masharti ya wawekezaji hayakubaliki hata kidogo. Juni 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yatafufuliwa. Katika miaka hiyo yote, mradi ukilala na ukiamka, vipeperushi vya viwanja havikulala. Kuna watu walionunua dakika tano kutoka kwenye jiwe la msingi.

Sisemi kwamba wauza viwanja ni matapeli. Zipo kampuni zinazopima kweli na kukabidhi hati kweli, na wengi wa majirani wapya wa Kerege na Mapinga wamejenga kupitia malipo ya awamu, jambo ambalo benki isingewafanyia. Nasema tu kwamba kipeperushi kizuri cha kiwanja na kipeperushi kibaya cha kiwanja vinafanana kama pacha, kwa sababu vyote vimetengenezwa na dizaina mmoja kwa picha zilezile za intaneti. Macho hayatakusaidia. Kitakachokusaidia ni yale ambayo karatasi haikuyasema.

Nilichukua vipeperushi vya viwanja vilivyokuwa vimerundikana kwenye droo ya gari la rafiki yangu, tukavisoma barazani tukinywa kahawa. Namba za simu zilikuwapo nyingi, nyingine mpaka nne. Jina la mtu halikuwapo kwenye hata kimoja; kulikuwa na "Piga sasa" na "Wahi kabla havijaisha". Anwani ya ofisi mara nyingi ilikuwa jina la jengo bila namba ya chumba. Hakuna kilichotaja kitalu, namba ya ramani ya upimaji, wala jina la anayemiliki shamba lililokatwa kuwa viwanja. Tarehe hakuna. Bei ilikuwa na nyota ndogo pembeni, na nyota ile haikuwa na maelezo yake popote chini. Linganisha na karatasi ya yule mama wa benchi la hospitali, ambaye hakuombwa hata senti.

Rafiki yangu, ambaye ana shamba Zinga alilorithi, aliniambia jambo jingine. Mara mbili ameona mahali pa jirani zake pakitangazwa kwenye karatasi kabla jirani wenyewe hawajauza. Dalali alikuwa amekubaliana na mtoto mmoja wa marehemu, wakati watoto ni saba na mirathi haijafunguliwa. Karatasi ikatangulia, ardhi ikafuata nyuma na kesi.

Kuna pia zile zinazotaja kwamba eneo lina barua ya serikali ya kijiji. Barua hiyo si hati. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na ina utaratibu wake wa hatimiliki za kimila. Hairuki ikawa viwanja vya makazi kwa sababu tu mtu ana mchoro na muhuri wa mtendaji. Eneo lililopangwa na kupimwa kisheria lina ramani ya mipango miji na ramani ya upimaji zilizoidhinishwa, na maofisa wa ardhi wa halmashauri wanaweza kukuonyesha kama zipo au hazipo. Hili ni jambo la asubuhi moja.

Kwa wenye kampuni, ombi langu ni dogo na halitawagharimu rimu ya ziada. Punguzeni ile familia inayocheka. Kwenye nafasi hiyo andikeni jina la kitalu, namba ya ramani, jina la mwenye shamba, jina la mtu mmoja wa ofisi yenu anayewajibika, na tarehe mliyochapa. Mteja makini atawapigia ninyi kwanza.

Na wewe uliyepokea karatasi dirishani: kabla hujatoa kianzio, mwambie aliyekugawia akuandikie nyuma yake namba ya kiwanja, kitalu, na jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Asipojua, mpigie bosi wake. Bosi akikujibu kwamba hayo utayapata baada ya kulipia, rudisha karatasi. Akikupa, usimpe fedha bado. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, na kama anasema hati ipo, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ada yake ni ndogo kuliko kianzio chochote kilichopata kuandikwa kwenye vipeperushi vile.